Maumivu ya misuli ya taya: kukanda, kinga ya usiku au sindano?

Kimya_Kimya: Wadau, habari zenu. Gego la juu linaniuma wiki nzima. Daktari wa meno kalipiga picha, halijaoza wala kupasuka. Anasema ni msuli wa kutafuna umekaza. Nianze na kukanda, kinga ya meno ya usiku (kile kifuniko cha kuvaa kwenye meno ukilala), au sindano?

Fizio_M: Pole sana. Jua kwanza ni msuli upi. Uma meno huku umeweka vidole shavuni: unaotuna ni masseta, unaoshuka kutoka mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Kifundo, yaani sehemu ya msuli iliyokaza na kuuma ukiibonyeza, kikikaa tabaka lake la juu, maumivu husikika kwenye magego. Kikiwa ndani zaidi, husikika sikioni. Msuli wa panja nao huumiza kichwa na meno ya juu. Ndiyo maana watu hung'oa jino zima na maumivu yakabaki! Mimi ningeanza na kukanda. Kitambaa cha moto kwanza, kisha kidole gumba safi ndani ya shavu, vidole viwili nje, ubane kifundo taratibu mpaka kilainike.

Mama_Zawadi: Kinga ya usiku ninayo. Meno yangu hayalikiki tena, hilo nashukuru, lakini asubuhi taya bado nzito.

Fizio_M: Ndivyo ilivyo, mama. Kinga hulinda meno, msuli unaweza kuendelea kukaza. Na mchana je? Meno hayatakiwi kugusana ukiwa umetulia. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ulale kwenye kaakaa.

Tabibu77: Sindano ningeiacha mwisho. Ya kavu huchoma kifundo bila dawa yoyote. Ya botulinamu (Botox) hulegeza msuli kwa miezi 3 hadi 4 hivi, kisha nguvu hurudi, na kama bado unakaza meno mchana kutwa, utarudi kuchomwa. Ila jamani, taya ikiuma ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, huo unaweza kuwa moyo. Na mwenye zaidi ya miaka 50 ambaye panja linamuuma, taya linachoka akitafuna na macho yanafifia, aende hospitali siku hiyohiyo, asikande.

Kimya_Kimya: Asanteni. Nimebonyeza chini kidogo ya mfupa wa shavu, gego likauma palepale!

Fizio_M: Basi umekipata. Anza leo na kitambaa cha moto, na usibonyeze mpaka machozi yatoke.