"Open" kwa wanafunzi Wachina: mbona taa "inafunguliwa"?

mwalimu_wa_jioni
Wakuu, habari za kazi. Nina darasa la watu wazima, wote wanazungumza Kimandarini, na Kiingereza chao bado ni cha mwanzo. Neno "open" limewashinda. Nasikia "open the light", "open the TV", halafu "the shop is opened until nine". Nikisahihisha leo, kesho yanarudi yale yale. Kosa hili chimbuko lake nini hasa, na nianzie wapi? Naomba mifano ya kutumia darasani, sheria tupu ninazo.

kamusi_mkononi
Chimbuko ni kitenzi 开 (kāi). Kufungua mlango ni 开门, kuwasha taa ni 开灯, kuendesha gari ni 开车, kuwa na mkutano ni 开会, daktari akiandika dawa ni 开药, na maji yakichemka wanasema 水开了. Maana ya kwanza ambayo mwanafunzi anaishika kwa 开 ni "open", basi anakwenda nayo kila mahali. Sidhani kama ni uzembe. Hata kwetu wapo wanaosema "fungulia redio".

Kinyume chake, 关 (guān), kina tabia hiyo hiyo: kufunga mlango na kuzima taa ni kitenzi kimoja. Ukirekebisha "open" ukaliacha "close", wiki ijayo utaletewa "close the light". Fundisha jozi: "open" na "close", "turn on" na "turn off".

Kipimo cha kuwapa: je, kuna sehemu inayosogea ili nafasi ipatikane? Mlango, mfuniko, bahasha, kitabu, macho: hapo ni "open". Je, kifaa kinaanza kufanya kazi? Taa, feni, redio: "turn on". Gari ni "drive", mkutano ni "have" au "hold", dawa ni "prescribe". Haya matatu ya mwisho yafundishwe kama vifungu vizima, hayana kanuni ya kuyaunganisha.

Zoezi linalofanya kazi vizuri ni la kompyuta ya kukunja. Iweke mezani ikiwa imezimwa na imefungwa. Inua kioo: "open the laptop". Bonyeza kitufe cha umeme: "turn on the laptop". Bofya faili: "open the file". Kifaa ni kile kile na kitenzi kinabadilika mbele ya macho yao. Kwa kompyuta ya mezani waonye: ukisema "open the computer", msikilizaji anaweza kudhani unataka bisibisi ufungue kasha.

sarufi_kwanza
Niongezee kuhusu "is opened", maana hilo ni kosa la aina nyingine kabisa na 开 haihusiki sana. Kiingereza kina "closed" kama neno la hali, lina -ed mwishoni. Mwanafunzi anaona "the shop is closed", anakata shauri kwamba mwenzake lazima awe "the shop is opened". Kumbe neno la hali upande huu ni "open" tupu, bila -ed.

Watenganishie tukio na hali. "The shop opens at eight" ni tukio la dakika moja. "The shop is open until nine" ni hali inayoendelea. Kimandarini nacho kinatofautisha: 门开着 (mén kāizhe) ni mlango uko wazi. Waambie mlango au dirisha likisemwa kwa 着 (kijineno cha hali inayoendelea), Kiingereza kinataka "is open". Hapo pia utakuwa umezuia "the door is opening" kwa mlango uliosimama wazi tangu asubuhi. Sentensi hiyo ni sahihi tu kama mlango unasogea wakati unausema.

"Opened" ina mahali pake: "She opened the window", au "The bridge was opened in May". Itamkwe kwa silabi mbili, isiwe o-pe-ned. Na iandikwe kwa n moja, kwa sababu mkazo uko silabi ya kwanza. Linganisha na "beginning", ambayo mkazo wake uko kwenye -gin, ndiyo maana n inarudiwa.

daraja_la_lugha
Nakubaliana na @kamusi_mkononi kwa sehemu kubwa, ila kipimo cha "kuanza kufanya kazi" kinavuja kwenye maji na gesi. Bomba la jikoni kwa kawaida ni "turn on the tap", lakini vali ni "open the valve". Zifundishwe moja moja.

Kuna mtego mwingine baada ya hapo. Wakishajua "turn on", watasema "turn on it". Kiwakilishi lazima kikae katikati: "turn it on". Tumia muundo wao wa 把, unaoweka kitendwa kabla ya kitenzi: 把它打开 (bǎ tā dǎkāi), ambapo "it" inatangulia 开. Wakiona kwamba 开 inabaki mwisho kama "on" inavyobaki mwisho, mpangilio unawakaa haraka.

Usisahau pia maneno yanayofanana kwa sura tu. 开水 ni maji yaliyochemshwa, wakati "open water" ni maji mapana kama bahari au ziwa. 开放 ("kuwa wazi") ikisemwa juu ya mtu inaweza kugusa mwenendo wake wa kimapenzi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kushtuka akiitwa "open". Mweleze kwamba "open-minded" ni mtu anayepokea mawazo mapya, basi.

Na wape pia yale ambayo 开 na "open" zinakubaliana, wasije wakaliogopa neno: kufungua akaunti (开户, "open an account"), kuanza kupiga risasi (开火, "open fire"), kufungua faili.

mwalimu_wa_jioni
Asanteni sana, zoezi la kompyuta naanza nalo. Swali dogo: mwanafunzi mmoja kakutana na "open the meeting" kwenye kumbukumbu za kikao. Nimwambie ni kosa?

sarufi_kwanza
Si kosa, ila maana yake ni finyu. Mwenyekiti ndiye "opens the meeting", yaani anatangaza kwamba kikao kimeanza. Wajumbe wengine wote wanakuwa "in a meeting" au "having a meeting". Mwanafunzi akitaka kusema 我们在开会, ni "We're having a meeting".