Kwa nini Charles wa Kwanza aligeuka shahidi baada ya kukatwa kichwa?

Swali

Ndugu wanajukwaa, kuna jambo linanitatiza katika vita vya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge la Uingereza. Baada ya kushinda mapigano ya Naseby, Juni 1645, jeshi la Bunge lilikamata barua za siri za mfalme, nazo zikachapishwa ili wananchi wajionee jinsi alivyotafuta askari Wakatoliki kutoka Ireland huku akijinadi kuwa mlinzi wa dini ya Kiprotestanti. Ilikuwaje basi, baada ya kuuawa tarehe 30 Januari 1649, watu wengi wakamwona shahidi, yaani mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, tazama kitabu kiitwacho Eikon Basilike, kilichoanza kusambaa karibu siku zile zile za kifo chake, kikiwa na sala na tafakuri zilizoandikwa kana kwamba ni mfalme mwenyewe anayesema. Kilichapishwa mara zipatazo 35 nchini Uingereza katika mwaka huo mmoja. Picha yake ya mwanzoni inamwonyesha mfalme amepiga magoti, ameshika taji la miiba, taji la dhahabu likiwa chini miguuni pake, na macho yake yameelekea taji la mbinguni. Hata asiyejua kusoma aliielewa. Baadaye kasisi John Gauden alidai kuwa yeye ndiye aliyekiandika, lakini wakati huo kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Jibu la pili

Nakubaliana nawe, ila nadhani mzizi uko nyuma zaidi. Novemba 1641 Bunge lilipitisha orodha ndefu ya malalamiko dhidi ya utawala wa mfalme kwa kura 159 dhidi ya 148, na ugomvi mkali ulizuka ukumbini kuhusu kuichapisha, kwa kuwa baadhi ya wabunge waliona ni hatari kuwapelekea raia mashtaka dhidi ya mfalme wao. Hofu yao ilikuwa na msingi: Bunge lilipowafanya wasomaji kuwa waamuzi, lilimfungulia mfalme naye mlango wa kujitetea mbele yao. Mshairi John Milton, aliyekuwa upande wa Bunge, alipokijibu kitabu cha Eikon Basilike mwezi Oktoba 1649, alikipinga sura kwa sura, lakini hoja, hata ziwe nzito namna gani, hazimtoi machozi mtu anayesoma sala ya marehemu.

Jibu la tatu

Tusizisahau barua zenyewe. Nyingi mfalme alimwandikia mkewe, Henrietta Maria, na wafuasi wake walilalamika kwamba kuanika maneno ya mume kwa mke ni kukosa heshima. Kwa hiyo silaha ile ile iliyofichua siri zake iliwaonyesha pia wasomaji mume anayempenda mkewe.