Risiti za JasperReports: dakika zote zinatoka 08 na saa zimerudi nyuma

Bint Wete: Assalaam alaykum. Nipo Wete, ghala la kupokelea karafuu. Mkulima akishapimiwa anapewa risiti ya JasperReports (programu ya kutoa ripoti), data ipo MySQL (hifadhidata). Aliyeitengeneza hayupo tena. Jana mzee mmoja kapimiwa saa 3 na robo asubuhi, risiti ikaandika 06:08. Yeye akaisoma saa 6 mchana, akaniuliza, "Mwanangu, adhuhuri mie nilikuwepo hapa?" Nimepekua risiti zote za Agosti: saa zinabadilika, dakika ni 08 tu. Karatasi hii ndiyo anayodaia pesa zake, haifai iwe na saa ya uongo. Muundo wa tarehe na saa nilioukuta kwenye risiti ni dd/MM/YYYY HH:MM.

Fundi wa Malindi: Wa alaykum salaam dada. MM kubwa ni mwezi, dakika ni mm ndogo. Ikiingia Septemba zote zitakuwa 09. Na hiyo YYYY kubwa itakuja kukuumiza mwisho wa mwaka: inafuata mwaka wa hesabu ya wiki, yaani wiki ya mwisho wa Desemba huweza kuhesabiwa ya mwaka unaofuata, kwa hiyo risiti ya 31/12/2024 ingetoka 31/12/2025! Andika dd/MM/yyyy HH:mm. Masaa 3 yaliyopungua, seva yenu itakuwa imewekwa UTC (saa ya kimataifa, masaa 3 nyuma ya yetu). Ipe REPORT_TIME_ZONE, parameta ya ripoti inayoshika majira ya mahali, thamani ya TimeZone.getTimeZone("Africa/Dar_es_Salaam"). Zanzibar haina jina lake peke yake kwenye orodha hiyo ya majira.

Mtu wa Chake: Mie namaliza huko huko kwenye SELECT (amri ya kuchota data MySQL) kwa DATE_FORMAT, '%d/%m/%Y %H:%i'. Dakika ni %i.

Fundi wa Malindi: Ikishapita hapo si tarehe tena, ni maandishi. Ukiipanga, 01/09 inatangulia 02/08. Khasa kwa malipo ya wakulima, iache ije kama tarehe.

Bint Wete: Alhamdulillahi, imetoka 09:15. Sasa wazee wanataka saa yetu ya Kiswahili. Nikiweka GMT-3 (masaa 3 nyuma ya UTC, yaani 6 nyuma ya yetu) na h:mm si itasoma 3:15?

Fundi wa Malindi: Itasoma, ila tarehe nayo inarudi. Kilichoingizwa baina ya saa 6 usiku na saa 12 alfajiri kitaandikwa cha jana. Iache 09:15 ilivyo, chini yake ongeza fildi ya maandishi, "saa 3:15 asubuhi", fomula yake ipunguze masaa 6 pale pale kwenye risiti. Data usiiguse.