Aliyetoka ligi ndogo za besiboli akifundisha chuo, aanze wapi?

Swali: Wadau, kocha aliyecheza ligi ndogo (za kulipwa, chini ya ligi kuu) Marekani akipewa timu ya chuo hapa Nairobi, arekebishe nini kwanza?

Jibu: Gongo. Ligi ndogo ni mbao tupu. Vyuo vya Marekani hutumia alumini, na tangu 2011 lazima iwe na muhuri wa BBCOR, kiwango kinachodhibiti kasi ya mpira unaotoka kwenye gongo. La inchi 33 lisipungue aunsi 30. Mbao ikigusa mpira karibu na mikono huvunjika. Alumini huficha kosa. Mazoezini, mbao.

Jibu: Mkuu, mbao utaagiza mpaka uchoke! Tazama kilima cha mrushaji: mita 18.44 toka kibao anachokanyaga hadi ncha ya nyuma ya kituo cha nyumbani, pale kwa mpigaji, kimo sentimita 25. Udongo mweusi wetu ukikauka hupasuka, mguu wa mbele unateleza, bega linalipa. Weka mwekundu, shindilia tabaka nyembambanyembamba, kisha turubai.

Jibu: Na turubai ufunge, upepo hauna adabu.