Nani kawaambia taimushea inanunuliwa bila kuonwa? Mnaumiza watu

Wakuu, naandika nikiwa nimechukia na sitaremba.

Shemeji yangu yuko hapa Nashville, jimbo la Tennessee. Juzi kati aliuliza swali la maana kabisa kwenye kundi letu la WhatsApp: yeye na dada wameitwa kwenye hoteli moja mjini, wamelishwa, wameonyeshwa video ya milima, na sasa wanatakiwa kusaini wanunue wiki moja ya kila mwaka kwenye hoteli ya mapumziko iliyoko Gatlinburg. Waende kwanza wakaione, au wasaini jioni hiyo hiyo kwa sababu punguzo linaisha?

Majibu yaliyomiminika sasa! "Usichome mafuta bure." "Hoteli za Marekani zote ni zile zile." "Picha si zipo kwenye simu?" Na mmoja, ambaye wengi tunajua anapewa chochote kila akipeleka watu kwenye vile vikao, akaandika kwamba anayetaka kuona kwanza hana nia ya kununua.

Huyo huyo mwaka jana alinunua kiwanja Kigamboni. Alimtuma mdogo wake mara ngapi sijui, akapige picha bikoni, aulize majirani, aende mpaka serikali ya mtaa. Kiwanja cha milioni chache za Kitanzania! Leo anamwambia mwenzake aweke dola elfu ishirini na kitu kwenye jengo ambalo hajawahi kukanyaga hata maegesho yake.

Kwa ambao hamjakutana na huu mchezo: taimushea unauziwa haki ya kukaa hotelini kwa muda fulani kila mwaka, iwe wiki, iwe pointi za kubadilisha na siku za kulala. Bei ya kuingilia unailipa mara moja au kwa mkopo. Halafu kuna ada ya matunzo, na hiyo hulipwa kila mwaka, uende usiende, uumwe, ufukuzwe kazi, usafiri kwenda kuzika nyumbani. Mikataba mingi ya Marekani haina mwisho, ina hati kabisa kama nyumba. Shemeji alitajiwa dola 22,000. Alipokunja uso akaja meneja, ikawa 14,500. Ada ya mwaka dola 1,140. Mkopo wa kwao wenyewe, riba asilimia 15 na ushee. Kote huko wanamwagia sifa dada yangu kwamba ana macho ya mtu anayependa familia.

Bahati nzuri alinipigia simu kabla ya kusaini. Nikaenda pale hotelini na miwani yangu, nikaomba rundo la karatasi. Hawakupenda. Niliambiwa hizo ni "taratibu za kawaida tu". Nikasoma moja moja. Na humo katikati, baina ya karatasi ya mkopo na ile ya kukubali kupigiwa simu, kuna karatasi inayotaka mnunuzi aweke herufi za jina lake kuthibitisha kwamba AMEITEMBELEA NA KUIKAGUA hoteli yenyewe.

Tuko Nashville. Hoteli iko Gatlinburg, mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Wameikagua saa ngapi?

Nikamuuliza yule kijana, akacheka, akasema video inahesabika. Haihesabiki bwana, na yeye anajua ni kwa nini. Sheria ya Tennessee inampa mnunuzi wa taimushea siku 10 za kufuta mkataba kama alifika akaikagua hoteli kabla ya kusaini. Kama hakufika, anapewa siku 15. Yaani watunga sheria wenyewe walishaona kwamba aliyenunua bila kuona yuko hatarini zaidi, wakamwongezea siku tano. Hizo herufi mbili kwenye karatasi ndizo zingempokonya shemeji siku zake tano, kwa jambo ambalo halikutokea. Halafu nyinyi mnamwambia asichome mafuta.

Hakusaini. Wakamwambia punguzo hilo akitoka mlangoni limekufa. Wiki iliyofuata wakampigia, bei ni ile ile na wamemwongezea tiketi za Dollywood, ile bustani ya michezo ya huko.

Sasa tuje kwenye kwenda kuona, kwa sababu hata wale wachache waliomshauri vizuri walikosea jambo moja. Walisema, "Wakualike, ulale bure usiku mbili tatu, uone." Hapana. Ukialikwa na muuzaji umekwenda kuonyeshwa. Ule mwaliko una sharti la kukaa kwenye kikao, wanasema dakika 90, na dakika zao hazifanani na za kwenye saa yako. Chumba utakachooneshwa ni cha maonyesho: godoro jipya, jiko halijawahi kukaangiwa hata yai, taa kila pembe. Hata njia ya kukupitisha kwa gari wameichagua wao. Majengo ya zamani huko nyuma hutayaona.

Sisi tulikodi kwa mtu. Wapo wamiliki chungu nzima wanaopangisha wiki zao ili angalau warudishe ile ada, na yule tuliyempata alitutoza chini ya ada anayolipa yeye mwenyewe. Simamisheni macho hapo kidogo. Mgeni asiye na mkataba, asiye na deni, alilala kwenye chumba kile kile kwa hela pungufu ya anayoitwa mmiliki.

Na tulichagua Februari makusudi. Kwenye video ni majani mekundu na ya manjano mlima mzima, watoto wanakimbia, jua linachwea kwenye ule mnara wa kileleni. Mkataba je? Mkataba unasema wiki ya kuelea, yaani isiyo na tarehe maalumu, ndani ya msimu wa baridi, kuanzia wiki ya kwanza ya mwaka mpaka ya saba. Majani yale ni ya Oktoba. Na ule mnara uko Kuwohi, kilele kilichokuwa kikiitwa Clingmans Dome mpaka 2024. Barabara ya kupandia huko hufungwa kila mwaka tangu Desemba hadi mwisho wa Machi. Kwa hiyo ile sehemu waliyoiweka mbele kabisa kwenye video, mwenye wiki za shemeji hawezi kuifikia kwa gari hata mwaka mmoja wa maisha yake. Hilo nalo utaliona wapi kwenye picha za simu?

Tukafika tumechelewa, maana ukitoka Nashville kwenda mashariki saa moja inamezwa njiani, majira yanabadilika, na muuzaji hakuona umuhimu wa kulisema. Mapokezi kuna madirisha mawili. La kwanza wanakupa ufunguo. La pili wanasema ni la kibali cha kuegesha gari, kumbe ndilo la kukupangia kikao cha mauzo. Dada alibaki pale akibembelezwa vocha ya pizza mpaka nilipokwenda kumvuta mkono. Kibali chenyewe ni kikaratasi, kilikuwa mezani muda wote.

Chumba kilikuwa jengo la nyuma. "Mwonekano wa mlima" upo kweli ukisimama kwenye beseni la bafuni. Sebuleni unatazamana na mapipa ya taka na mgongo wa mgahawa. Lifti moja kati ya mbili imefungwa kwa utepe wa njano ambao ulishapauka. Bwawa la ndani lilikuwa zuri, nisiwe mnafiki, na wahudumu wa usafi walikuwa watu wa heshima sana. Shida yangu si wao.

Lakini mahali penye elimu yote ni chumba cha kufulia nguo. Usiende kwenye ofisi ya mauzo, nenda kufua. Pale unakuta wamiliki wenyewe wamekaa wakisubiri mashine, hawana haraka na hawauzi kitu. Mama mmoja wa Ohio, mzee tu, alituambia alipoanza ada ilikuwa chini ya nusu ya ilivyo sasa. Akasema ukitaka Oktoba, hata ukiwa na msimu unaoruhusu, lazima ukeshe kwenye simu siku dirisha la kuhifadhi linapofunguliwa mwaka mzima kabla, la sivyo nafasi zimekwisha. Akatuambia kila akija anaitwa kwenye "mkutano wa wamiliki", na kila mkutano ni wa kumuuzia nyongeza. Tukamuuliza kwa nini asiuze. Akaishika simu yake, akafungua eBay, akatuonyesha wiki za hoteli hiyo hiyo zinatangazwa kwa dola moja. Dola moja, na muuzaji analipia gharama za kuhamisha hati, ili tu mtu amwondolee ile ada.

Shemeji hakusema neno. Aliendelea kukunja taulo.

Huyo mama ndiye aliyetukumbusha na jambo la moto. Tarehe 28 Novemba 2016 moto ulishuka na upepo kutoka milimani ukaingia Gatlinburg. Watu 14 walikufa, na majengo zaidi ya 2,000 yaliungua au kuharibika, zikiwemo hoteli za wikiwiki kama hizi. Ukiwa na hati, wewe ni mmiliki. Bima isipotosha, au paa likihitaji kubadilishwa na akiba haipo, chama cha wamiliki kinaweza kuwatoza mchango maalumu juu ya ada ya kawaida. Basi ukienda kuangalia, usiishie kwenye godoro. Omba bajeti ya mwaka huu, omba kumbukumbu za mkutano wa mwisho, uliza akiba ya matengenezo ni kiasi gani na bima inafunika nini. Ukiambiwa hizo ni za wamiliki peke yao, umeshajibiwa.

Nawajua watakaokuja na hoja ya pointi: "Siku hizi hakuna wiki, ni pointi, unakwenda popote duniani, kwa nini ukaone hoteli moja?" Kubadilishana wiki yako na ya hoteli nyingine kulikuwepo tangu zamani, kampuni ya RCI ilianza biashara hiyo 1974. Nguvu yako ya kubadilisha inatokana na ulichoweka wewe. Ukiweka Februari ya Gatlinburg usitegemee utapewa Krismasi ya Hawaii. Pointi nazo zina bei tofauti kwa msimu, na mwenye kampuni ndiye mwenye jedwali. Yule kijana alimwahidi dada kwamba hata Zanzibar atakwenda na watoto. Nikamwomba afungue kompyuta yake pale pale atuonyeshe nafasi ya Zanzibar ya Desemba, chumba cha watu sita. Akaanza kutuuliza kama tumeshaionja keki.

Walioko Uingereza na nchi za Ulaya kidogo wana afueni: siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kuchukua hata senti ya malipo ya awali ndani ya siku hizo. Akikuomba kadi usiku ule ule, ujue umekaa na nani. Huku kwetu kila jimbo na lake. Florida ni siku 10, Nevada ni 5. Ukinunua likizoni unafuata sheria ya kule ulikonunua, kwa hiyo ulizeni kabla hamjapanda ndege.

NYONGEZA: Kuna mdau ameuliza kama mtu ameshasaini afanye nini. Kama siku hazijaisha, andika barua leo, si kesho: jina, namba ya mkataba, tarehe, na sentensi moja kwamba unafuta. Usieleze sababu. Itume kwa posta ya kusainiwa kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba, tunza risiti. Usipige simu, simu watakuzungusha mpaka siku zikwishe. Na usimlipe yeyote anayekupigia kudai ana mteja wa wiki yako na anataka ada mbele. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliweka vikwazo kwa makampuni ya Puerto Vallarta, Mexico, yanayofanya utapeli huo kwa niaba ya genge la dawa za kulevya la Jalisco. Si vibaka wa mtaani hao.

NYONGEZA YA PILI: Mwingine anasema yeye anayo tangu zamani na anaifurahia. Sawa kabisa, nakuamini. Hebu tuambie uliinunua wapi. Kama ulilala pale kwanza, au uliichukua kwa mmiliki wa zamani kwa bei ya bure, basi ulifanya kile kile ninachokisema.

NYONGEZA YA MWISHO: Wewe uliyenifuata faragha kunitisha kwamba naharibia watu riziki, njoo hapa mbele ya wote. Taja jengo, ghorofa, namba za wiki unazouza, ada ya mwaka huu na ya miaka mitano iliyopita, na uandike una kamisheni gani kwa kila familia unayoipeleka. Ukimaliza, mimi mwenyewe nitawalipia wanaotaka mafuta ya kwenda kulala huko usiku mmoja, kwa jina langu, bila kupitia dirisha lako la pili.