Difu ya Altezza inavuma na safari ya Musoma imekaribia: naomba ushauri

Altezza wa Igoma (mleta uzi):
Ndugu wana jukwaa, salaam kwenu. Ninamiliki Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE, ambayo niliinunua kwa akiba ya miaka minne. Kwa wiki tatu sasa upande wa nyuma umeanza kuvuma. Mvumo huanza nikifika kilomita 60 kwa saa, hupanda pamoja na mwendo, na nikifika 90 huwa mlio mwembamba kama wa mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili. Nikiachia mafuta hauondoki. Wiki iliyopita nilivuka Daraja la Kigongo–Busisi kuelekea Sengerema vioo vikiwa wazi, na juu ya lami ile isiyo na kiraka nilisikia kila kitu, hadi abiria wangu akanyamaza.

Nimekwisha kubaini kuwa ni difu, yaani sanduku la gia la nyuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Swali langu ni moja tu: nikinunua difu nzima iliyotumika, niangalie nini ili nisiuziwe bovu? Mwisho wa mwezi mdogo wangu wa kike anaolewa Musoma, na gari hili ndilo lililopangwa kumbeba.

Dereva wa Lamadi:
Pole sana, mkuu. Mwanza hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 200, na ukishapita Lamadi kuna kipande kile cha lango la Ndabaka ambako Serengeti inafika kando ya barabara. Niliwahi kukwama hapo usiku nikiendesha Fuso lenye dagaa. Difu ilikuwa ikilia tangu asubuhi, tajiri akasisitiza kuwa mzigo ufike. Saa tatu usiku magurudumu ya nyuma yakashika ghafla, tukaacha mistari miwili myeusi barabarani, tukalala ndani ya kabini hadi kulipokucha kwa sababu hakuna aliyethubutu kushuka. Dagaa walipona, lakini ekseli haikupona. Bibi harusi asipandishwe kwenye gari hilo.

Kokoto la Mabatini:
Uza, ununue Noah. Familia nzima inaenea, na spea zake zinapatikana kila kona ya jiji hili.

Altezza wa Igoma:
Ndugu Kokoto, ninakushukuru, lakini sikuomba ushauri wa kuuza. Gari hili lilipata tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini Japani msimu wa 1998–1999, na ukiipandisha injini yake hadi mizunguko 7,000 kwa dakika utaelewa ni kwa nini. Naomba turudi kwenye difu.

Mshika Spana Mstaafu:
Mdogo wangu, kabla ya kununua chochote, tuhakikishe kwanza kinachovuma ni nini. Mlio wa meno ya krauni na piniani, yaani gia kubwa na ndogo zinazokutana ndani ya difu, hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia, kwa sababu meno yanagusana upande mmoja wakati wa kuvuta na upande wa pili wakati gari linaisukuma injini. Beringi ya gurudumu hubadilika unapoyumbisha gari kushoto na kulia. Senta beringi ya propela shafti, mhimili mrefu unaotoka gia boksi hadi difu, hutetemesha sakafu katikati ya gari. Beringi za piniani zenyewe huzunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, ndiyo maana mlio wake huwa mwembamba, na haujali kama umekanyaga au umeachia. Maelezo yako yananielekeza huko.

Sasa nijibu bila haraka: difu hiyo imeguswa na nani mara ya mwisho, na aligusa nini?

Altezza wa Igoma:
Haijafunguliwa tangu ninunue gari. Ilikuwa inavuja kidogo mbele, sili ikabadilishwa, basi. Bado naomba kujua namna ya kukagua difu iliyotumika, kwa sababu nimekwisha kuiona moja na mwenyewe hawezi kuiweka kwa muda mrefu.

Binti wa Ukerewe:
Mimi si fundi, ila ninaona kwamba mtu anayeulizwa jambo moja akajibu nusu yake huwa nusu ya pili ndiyo inayomuuma.

Mshika Spana Mstaafu:
Binti ameona sawasawa. Mdogo wangu, "sili ikabadilishwa, basi" ndilo jambo lenyewe. Sili ya mbele haitoki bila kufungua nati kubwa ya flanji ya piniani, ile sahani ambayo propela shafti hufungwa. Nyuma ya nati hiyo, kati ya beringi mbili, difu nyingi za Toyota za aina hii zina kola nyembamba ya chuma ambayo kazi yake ni kusagika mara moja tu, pale nati inapokazwa kiwandani, ili beringi zibanwe kwa kiasi kamili. Kiasi hicho hupimwa kwa ugumu wa kuizungusha piniani, na ni kidogo mno, kama newtoni mita moja hivi, wakati nati yenyewe inahitaji zaidi ya mia moja ili ikae. Fundi anayekaza nati mpaka ikatae anaisaga kola kupita kipimo na kuzibana beringi. Gari litatoka gerejini likiwa kimya. Baada ya wiki kadhaa beringi hupata moto, zinachubuka, kisha zinaanza kuimba.

Ilibadilishwa lini, na nati ilikazwaje?

Altezza wa Igoma:
Miezi miwili iliyopita. Ilikazwa kwa spana ndefu yenye bomba, na mwishoni tindo na nyundo ili isilegee. Tukanunua galoni la lita nne la oili namba 90, difu ikajazwa. Sikuandika mwanzoni kwa sababu fundi aliyefanya kazi hiyo ni kaka yangu mkubwa. Gereji yake iko uani kwake, na ndiyo iliyonilipia ada ya sekondari. Sitaki mtu yeyote humu aseme kwamba hajui kazi, kwa kuwa kuna malori yanayotembea hadi leo kwa mikono yake. Ndiyo maana nimeona njia ya amani ni kununua difu nzima, yeye aifunge, na maneno yaishie hapo. Nimekwisha kulipa arabuni ya shilingi laki moja na nusu kati ya laki nne na nusu.

Mama Wawili wa Kirumba:
Baba, unamheshimu kaka yako kwa kumficha, na yeye kesho atalikaza gari la mteja mwingine vilevile, labda lenye watoto ndani. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi. Kuna mwaka alikosea kufunga injini moja, mwenye mtumbwi akanyamaza kwa sababu ya ujirani, akampelekea fundi mwingine. Tulilijua jambo hilo msibani, mbele za watu. Mume wangu alisema angependa zaidi kutukanwa siku ileile, gerejini kwake. Mwambie kaka yako mkiwa wawili, tena mapema.

Msomaji wa Capri Point:
Naomba nisikike vibaya kama itabidi. Uzi huu ninautilia shaka. Mleta uzi alianza na difu "ambayo haijafunguliwa", sasa ghafla kuna kaka, kuna tindo, kuna arabuni, na kuna lita nne za oili. Difu ya gari la ukubwa huu haifikishi hata lita mbili. Hizo nyingine zilikwenda wapi? Hadithi za bibi harusi na gari bovu tumezisoma nyingi, na wazee wenye ujuzi wanapoteza muda wao kumwandikia mtu ambaye huenda hana hata baiskeli.

Kokoto la Mabatini:
Hata mimi lita nne zilinishtua.

Dereva wa Lamadi:
Mimi ninamwamini. Mtu anayetunga hadithi hawezi kujiwekea kaka wa kumtetea.

Altezza wa Igoma:
Ndugu Msomaji, nimeumia, ila swali lako ni la haki. Niliandika kwamba tulinunua galoni la lita nne. Sikusema kwamba zote ziliingia. Galoni lipo chini ya meza ya jikoni, na usiku huu nimelimimina kwenye chupa za maji za nusu lita mbele ya mke wangu, ambaye hajafurahi. Zimejaa chupa tano, na ya sita imefika robo, yaani iliyotumika ni takriban lita moja na theluthi. Nimeweka picha ya chupa, ya gari likiwa uani, na ya nati yenye alama mbili za tindo.

Nilipokuwa nikimimina nilisoma kibandiko kwa mara ya kwanza. Kimeandikwa GL-4. Je, huenda kosa ni la oili, wala si la mkono wa kaka?

Msomaji wa Capri Point:
Picha nimeziona. Ninaomba radhi mbele ya wote.

Mshika Spana Mstaafu:
Umefanya vizuri kusoma, na aliyekutilia shaka amekusaidia bila kukusudia. Katika difu ya namna hii piniani hukaa chini ya mstari wa katikati wa krauni, kwa hiyo meno hayabingiriki tu, yanateleza moja juu ya jingine kwa mgandamizo mkubwa. Mtelezo huo unahitaji oili ya GL-5, yenye viambato vya kulinda chuma pale ambapo utando wa oili unakatika. GL-4 ni ya gia boksi nyingi za mkono, na humu haitoshi. Hata hivyo oili hiyo ingeanza kuyala meno, na mlio wa meno ungebadilika ukiachia mafuta. Wako haubadiliki. Naelewa kwa nini ungependa liwe kosa la galoni, lakini nati ile bado inakusubiri.

Kuhusu difu uliyolipia arabuni, usikimbilie kuibeba. Shika flanji uisukume juu na chini: isicheze hata kidogo. Izungushe polepole: isikwaruze wala kukaza sehemu moja na kulegea nyingine. Kisha hesabu uwiano wake. Mwenzako azungushe pande zote mbili zinazokwenda kwenye magurudumu kwa pamoja mara kumi kamili, nawe uhesabu mizunguko ya flanji. Ikiwa 43, uwiano ni 4.3, ikiwa 41, ni 4.1. Fanya vivyo hivyo kwa ya kwako gari likiwa juu ya stendi, kwa maana gari la otomatiki na la gia za mkono huweza kutofautiana, na tofauti hiyo hubadilisha mizunguko ya injini kwa takriban asilimia 5 katika kila gia. Uliza pia kama ya ndani ni Torsen, inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, au ya kawaida, na ujue yako ni ipi.

Ila kabla ya hayo yote, fungua propela shafti yako, uizungushe piniani kwa mkono. Gari lisitembee tena mpaka ufanye hivyo. Beringi ikishika, magurudumu ya nyuma yanashika nayo, kama Dereva alivyosimulia.

Altezza wa Igoma:
Wana jukwaa, ninarudi kama nilivyopaswa. Ijumaa jioni nilikwenda kwa kaka, nikasubiri vijana wake waondoke, nikamwambia yote, pamoja na kwamba nimeandika huku. Hakujibu. Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na jeki, stendi mbili na kipande cha boksi la kulalia.

Aliweka alama ya rangi nyeupe kwenye flanji na kwenye shafti ili zirudi zilivyokuwa, akafungua boliti nne, akaisogeza shafti pembeni. Aliizungusha piniani kwa vidole vyake, mara moja, akanipisha nami nijaribu. Ilikuwa inapita kama juu ya mchanga, inakaza, inaachia, inakaza tena mahali palepale. Tulipomwaga oili, sumaku ya kizibo ilitoka na uji wa kijivu, na katikati ya uji huo kibanzi cha chuma chembamba kama gamba la sato. Kaka alikifuta kwa shati lake, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Nati hii niliikaza mimi." Kisha akanawa mikono kwa sabuni ya unga, muda mrefu kuliko kawaida yake.

Difu ya dukani tuliihesabu sote wawili: 41. Ya kwangu ni 43. Flanji yake pia ilikuwa ikicheza. Muuzaji amekubali arabuni ihamie kwenye beringi mpya, sili na kola mpya, na kaka ameazima spana ya kupimia nguvu kwa rafiki yake aliyesomea ufundi. Meno ya krauni tutayaona tukishafungua. Mdogo wangu atakwenda Musoma kwa gari la shemeji, na amenijibu kwamba alichotaka ni mimi nifike, si gari.

Swali la mwisho kwa Mzee Mshika Spana: kaka anauliza mwachano wa meno, yaani nafasi ndogo inayobaki kati yake, uwe kiasi gani.

Mshika Spana Mstaafu:
Mpe salamu zangu, na umwambie kwamba nami nilikaza hivyohivyo kwa miaka sita kabla ya kufundishwa. Kwa difu nyingi za Toyota za kimo hiki mwachano kati ya krauni na piniani ni milimita 0.13 hadi 0.18, upimwe kwa saa ya kupimia, katika sehemu tatu au zaidi za mzunguko. Beringi mpya hubanwa zaidi kidogo kuliko zilizokwisha kutumika, kwa hiyo asifuate kipimo cha beringi kuukuu. Nati aikaze kidogo kidogo, apime ugumu wa kuzungusha kila baada ya kukaza, na akipitiliza asirudishe nyuma, aweke kola nyingine, nunueni mbili.

Kabla hamjafungua vifuniko vya beringi za pembeni, vigongeni alama, na shimu (visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kila upande zikae kwenye bakuli lake lililoandikwa kushoto au kulia. Bakuli ziwekwe mahali ambapo watoto na kuku wa uani hawafiki.

Altezza wa Igoma:
Wabheja sana, mzee. Bakuli tumeziandika kwa rangi ileile nyeupe, na kuku wamefungiwa.