Joka jeusi au malaika mkuu katika mchezo wa kompyuta wa Heroes of Might and Magic III?

Swali: Joka jeusi lina uhai 300 na malaika mkuu ana 250, mbona basi joka hushindwa wakikabiliana mmoja kwa mmoja?

Jibu la kwanza: Kasi ya malaika ni 18 na ya joka ni 15, hivyo malaika hutangulia kupiga. Isitoshe, shambulizi na ulinzi wake ni 30 kila kimoja, ilhali vya joka ni 25, kwa hiyo pigo lake la 50 huongezeka huku la joka likipungua.

Jibu la pili: Sawa, lakini joka halidhuriki kwa uchawi wowote, ndiyo maana mimi, nikiwa na majoka meusi pekee, huteketeza uwanja mzima kwa Armageddon, uchawi unaopiga viumbe wote vitani, bila hofu. Kwa bahati mbaya, kinga hiyohiyo huzuia hata uchawi wa kuliongezea nguvu.